Bei ya kichwa cha treni kikuukuu haimo ndani ya kichwa

Katika daftari la mali la shirika la reli, kichwa cha treni kilichonunuliwa miaka ya 1970 kinaweza kuwa na thamani ya shilingi sifuri. Mhasibu alikadiria kitaishi miaka 25 au 30, akakipunguza kidogo kidogo kila mwaka wa fedha ulipofungwa, mpaka kikaisha. Hilo halikizuii usiku wa leo kupanda mlima wa Saranda, kwenye Reli ya Kati, kikiwa na mabehewa ya saruji nyuma yake. Na yadini kinaweza kuwapo kingine, kilichokarabatiwa majuzi, ambacho daftari lilelile linakihesabia mabilioni huku kikisubiri tabo, yaani kifaa cha kusukumia hewa kwenye injini, ambayo hata oda yake haijapelekwa.

Mhasibu hana kosa. Kazi yake ni kugawa gharama iliyokwishalipwa, si kutabiri mzigo wa mwakani. Tatizo ni sisi wengine, wabunge, waandishi na wasafiri, tulioichukua hesabu yake tukaifanya hukumu. Ikitoka habari yoyote ya reli, utasikia pande mbili. Upande mmoja unasema vichwa hivi ni vyuma chakavu, vikatwe viuzwe kwa kilo. Wa pili ni wa wastaafu wa reli, ambao kwao kila kilicholetwa kabla Shirika la Reli la Afrika Mashariki halijavunjika mwaka 1977 kilikuwa chuma cha kweli, na vilivyofuata ni mabati. Wote wanaikodolea macho mashine. Mimi naona bei ya kichwa kikuukuu imetawanyika nje yake: iko karakana, iko stoo ya vipuri, iko kwenye njia kinayopita, na zaidi ya yote iko kwenye mzigo unaokisubiri.

Tazama U26C ya General Electric, kichwa cha dizeli chenye nguvu za farasi 2,600 hivi na injini ya FDL ya silinda 12. New Zealand ilianza kuvipokea mwaka 1972, ikachukua 49 na kuviita DX. Afrika Kusini nayo ilivinunua, tena kwa wingi. Kenya ilipata vyake mwishoni mwa miaka ya 1970. Ndivyo vile ambavyo namba zake zinaanza na 93. New Zealand walivikarabati, wakavibadilishia mitambo ya ndani, wakaviweka kazini mpaka vikagusa miaka 50. Mwaka 2021 tu ndipo shirika lao, KiwiRail, lilipoagiza warithi 57 kutoka kiwanda cha Stadler. Vya Kenya vilipita mikononi mwa shirika la umma, vikaenda kwa mwekezaji Rift Valley Railways aliyeanza kazi mwaka 2006, vikarudi serikalini mkataba ulipovunjwa mwaka 2017, na mwaka huohuo SGR ikaanza kazi kati ya Mombasa na Nairobi.

Mthamini anayesoma mwaka wa kutengenezwa peke yake ataviona vya New Zealand ni vizee zaidi, kwa hiyo ni vya bei ya chini zaidi. Mtu wa reli atalipa zaidi kwa hivyo hivyo vizee, kwa sababu kila kimoja kinakuja na jalada lake: laina za silinda zilibadilishwa lini, magurudumu yamechongwa mara ngapi, mota ipi ilisukwa upya na nani. Kichwa kisicho na jalada ni kamari. Ningekuwa mnunuzi ningekipigia bei kana kwamba kila kisichoandikwa hakikufanyika.

Rift Valley Railways wenyewe walituachia somo ambalo watu wengi hawakulitazama. Mwaka 2014 walileta kutoka Marekani vichwa 20 vya mtumba, aina ya B23-7, ambayo ilitengenezwa kati ya miaka ya mwisho ya 1970 na nusu ya kwanza ya miaka ya 1980. Vilikarabatiwa, vikawekwa kwenye upana wa reli ya mita moja. Neno mitumba ni rahisi kulitoa mdomoni, lakini fungua boneti: ndani mna injini ya FDL ya silinda 12, ndugu wa damu wa ile iliyomo kwenye vichwa vya 93. Fundi wa Nairobi aliyekwishaishusha moja hakuhitaji kusoma upya, na stoo iliyokuwa na pistoni za moja ilikuwa na mwanzo mzuri wa kuihudumia nyingine. Kampuni ile ilikuwa na matatizo yake mengi, lakini uamuzi huu haukuwa mmojawapo. Kama ingechagua kichwa kipya cha chapa ambayo hakuna mtu kati ya Mombasa na Kampala aliyewahi kuigusa, magazeti yangesifu na mafundi wangelia.

Watu husema ng'ombe hazeeki maini. Kichwa cha treni nacho kina maini yake, na hayo ni fremu, yaani ule mhimili mrefu wa chuma unaobeba kila kitu. Injini hutolewa ikawekwa nyingine. Jenereta kuu husukwa upya. Mota za kuvutia, zile zinazozungusha ekseli, hushushwa na kupandishwa kama kawaida ya kazi. Magurudumu huchongwa mpaka yafike kikomo cha unene, kisha hubadilishwa. Waingereza walichukua vichwa vya treni zao za kasi vya miaka ya 1970, wakatoa injini za Paxman Valenta na kuingiza MTU za Ujerumani, vikaendelea kukimbia kwa miaka mingi baada ya hapo. TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia, nayo iliweka injini za MTU kwenye baadhi ya vichwa vyake vya Kichina. Lakini fremu iliyopinda kwa ajali, au iliyopata nyufa pale inapokaa juu ya bogi, yaani kile kitoroli kinachoshika magurudumu, au iliyoliwa na kutu kwa sababu kichwa kilisimama karibu na bahari miaka mingi bila kufunikwa, hiyo ndiyo inayomaliza mjadala. Ukaguzi uanze hapo. Ajabu ni kwamba taarifa nyingi za ukaguzi huanza na rangi na kiti cha dereva.

Baada ya fremu, mafuta ya injini husema mengi kuliko meneja. Sampuli ndogo ikipimwa maabara huonyesha madini yaliyomo. Chuma kikizidi, laina na ringi zinalika. Shaba na risasi zikipanda pamoja, beringi za krenkishafti zinaaga. Sodiamu ikionekana, huenda maji ya kupoozea yanavujia ndani, kwa kuwa dawa inayowekwa kwenye maji hayo mara nyingi huwa na sodiamu. Silika ni vumbi, maana yake chujio la hewa halifanyi kazi, na kwenye njia kavu kama ya Dodoma kwenda Tabora hilo si jambo dogo. Sampuli moja haitoshi. Inayotakiwa ni mfululizo wa miezi, uone mstari unapanda au umetulia, na hapa tena tunarudi kwenye jalada.

Kisha kichwa kifungwe kwenye kifaa cha kupimia mzigo, umeme wa jenereta umwagwe kwenye vipinga mpaka injini ifike nguvu yake yote bila kutembea hata mita moja. Injini iliyoandikwa farasi 2,000 ikitoa 1,500, basi umenunua farasi 1,500, haijalishi kibao kinasema nini. Mota nazo zipimwe kinga ya umeme, tena zikiwa zimelala usiku kwenye unyevu. Mota iliyopimwa saa nane mchana wa Januari huwa na afya isiyo yake.

Hayo yote yanakwambia kichwa kina hali gani. Hayakwambii kina thamani gani, na hapo ndipo wahandisi wenzetu huishia. Tufanye hesabu ya mezani. Namba ni za mfano, weka zako ukipenda. Kichwa kipya cha dizeli kigharimu dola milioni 3, kwa mkopo wa miaka 20 wenye riba ya asilimia 8. Kitadai karibu dola 305,000 kila mwaka, kitembee kisitembee. Kikuukuu kikarabatiwe kwa dola milioni 1 na kiishi miaka 10 zaidi, kwa riba hiyohiyo. Kitadai karibu dola 149,000 kwa mwaka. Kipya kimekwishatanguliwa kwa dola 156,000.

Wauzaji watakimbilia mafuta. Sawa. Kama kikuukuu kinakunywa lita 500,000 kwa mwaka na kipya kikapunguza asilimia 10, zimeokolewa lita 50,000. Lita ikiwa dola 1.1, ni dola 55,000. Bado pengo la dola 101,000, na mafuta yameshindwa kuliziba. Kinachoweza kuliziba ni siku za kazi. Ikiwa kipya kinapatikana siku 300 kwa mwaka na kikuukuu siku 200, zile siku 100 za ziada zikiacha faida ya dola 1,010 kila moja, deni limekwisha. Treni ya mizigo iliyojaa vizuri ina uwezo wa kuacha zaidi ya hapo. Kwa hiyo kwenye njia yenye mzigo wa kutosha, kipya kinashinda, na anayeng'ang'ania kikuukuu kwa sababu ya mapenzi anaitia hasara nchi.

Lakini angalia kilichobeba hesabu nzima: zile siku 100 lazima ziwe na mzigo na njia lazima iwe wazi. Kipande cha Kilosa hadi Gulwe kimewahi kubebwa na maji zaidi ya mara moja. Mafuriko ya mwishoni mwa 2009 na mwanzo wa 2010 yaliifunga Reli ya Kati kwa muda mrefu. Kichwa kipya kilichosimama Kilosa kusubiri tuta lijengwe kinaendelea kudai dola 800 na ushee kila jua linapochwa. Kikuukuu ambacho deni lake lilikwisha zamani kinasimama bure. Ndiyo sababu mtu mwenye mzigo wa msimu, au njia dhaifu, au treni mbili kwa wiki, anaweza kuwa na akili timamu kabisa anapokataa kununua kipya.

Njia ya Tanga, Moshi na Arusha ni ushahidi. Treni ya abiria ilirudi Moshi Desemba 2019 na Arusha Oktoba 2020, baada ya miaka zaidi ya 20 ya ukimya. Hakuna benki ambayo ingekopesha vichwa vipya kwa ajili ya huduma ambayo hakuna aliyejua kama itapata abiria. Huduma za namna hiyo huanzishwa na vichwa ambavyo gharama yake ilikwishafutwa. Sifuri ya mhasibu ndiyo iliyowezesha jaribio. Ajabu ni kwamba faida hiyo haionekani popote vitabuni.

Uzito nao una lake. Vichwa vipya vyenye nguvu kubwa huwa vizito, na matawi kama la Kaliua kwenda Mpanda yalijengwa kwa reli nyepesi. Hapo kichwa chepesi cha zamani hakina mpinzani, hata kikiwa kinatoa moshi mpaka abiria wafunge madirisha.

Sasa soko. Hapa kuna jambo ambalo Watanzania tuna mfano wake nyumbani kuliko nchi nyingi. Shirika la Reli Tanzania, TRC, lina reli ya upana wa milimita 1,000 na TAZARA ina milimita 1,067. Milimita 67 hizo ndizo zilizofanya kijengwe kituo cha kuhamishia mizigo Kidatu, na ndizo zinazotenga bei za vichwa viwili vilivyo na injini moja na umri mmoja. Kichwa cha TAZARA kikikosa kazi kinaweza kutafutiwa mteja Zambia, Zimbabwe, Malawi, Msumbiji, Botswana, Kongo au Afrika Kusini, kwa kuwa wote wanatumia upana huo. Cha TRC kina Kenya na Uganda, ambazo nazo zimeelekeza fedha na macho kwenye SGR, au kivuke bahari. Kubadili bogi kunawezekana, B23-7 zilithibitisha, ila gharama hiyo itakatwa kwenye bei ya muuzaji.

India ilionyesha soko hili linavyoweza kugeuka. Tangu mwaka 1992 ilianza mpango wa kugeuza reli zake za mita kuwa pana, na mwaka hadi mwaka vichwa vizima vya mita vikakosa reli ya kukanyagia. Kampuni ya RITES ya India ilipopewa kuendesha reli yetu mwaka 2007, vichwa vya kukodi vilitoka huko. Lawama zilizofuata zinajulikana na sina haja ya kuzirudia. Nachotaka msomaji aone ni kwamba mashine ileile ambayo kwao ilikuwa inasubiri mkasi wa gesi, kwetu ilihesabiwa kuwa na kodi ya kulipwa kwa fedha za kigeni. Haikupata hata boliti mpya kwa kuhamishwa. Ilipata njia. Aliyeketi upande wetu wa meza alipaswa kujua bei yake ya upande wa pili kabla ya kutaja yake.

Na upya wenyewe si dhamana. TAZARA ilipoanza kazi katikati ya miaka ya 1970 ilipewa vichwa vipya kutoka Qingdao, vya familia ya Dongfanghong, maana yake Mashariki ni Nyekundu. Vile vikubwa vilikuwa na farasi 2,000, na nguvu yake haikwenda kwenye magurudumu kwa umeme bali kwa mfumo wa haidroliki. Kwenye tambarare vilitembea. Kati ya Mlimba na Makambako, ambako reli inapanda ukuta wa mlima kwa kupitia mahandaki na madaraja yaliyorundikana, vilihema. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 ikabidi viletwe vichwa vya umeme wa dizeli vilivyoundwa na Krupp wa Ujerumani kwa leseni ya General Electric. Vya Qingdao vilikuwa bado vijana kwa umri wa reli, lakini thamani yake kwenye kipande kile ilikuwa imekwisha. Kwenye yadi na kwenye sehemu tambarare, vilibaki mali. Kichwa kimoja, reli moja, bei mbili kulingana na kilomita unayosimama.

Hata mfu ana bei yake, na kwa uzoefu wa mashirika ya ukanda huu bei hiyo mara nyingi ndiyo inayopotezwa. Kichwa ambacho fremu yake imekufa kinaweza kuwa na mota tatu nzima, kompresa, rejeta, seti za magurudumu na krenkishafti ambayo kiwanda kilikwishaacha kuitengeneza. Kikivunjwa kwa mpangilio, vipuri vikaoshwa, vikapimwa na kuandikwa, kinaweka vingine vitatu kazini. Kikinyofolewa usiku na kila fundi mwenye shida, hakuna anayejua kilichobaki, na mwishowe kinauzwa kwa uzito pamoja na mota ambazo mwaka ujao zitaagizwa kwa dola. Sina huruma na uamuzi wa kuuza chakavu kabla stoo haijasema inachokihitaji.

Kuna bei ya mwisho ambayo haina uhusiano na mzigo. Kati ya mwaka 1955 na 1956 kiwanda cha Beyer Peacock cha Manchester kiliunda vichwa 34 vya mvuke vya aina ya Garratt kwa ajili ya reli ya Afrika Mashariki, kila kimoja tani 252, vikubwa kuliko vyovyote vilivyowahi kutembea kwenye reli ya mita. Vilipewa majina ya milima. Leo vimebaki viwili, Mount Gelai na Mount Shengena, na ingawa milima yote miwili iko Tanzania, vichwa viko Nairobi. Hakuna fomula ya riba itakayovipa bei hivyo. Ila tusidanganyane: viwili kati ya 34 vina thamani hiyo kwa sababu 32 vilikatwa. Anayetaka kila kichwa kikuukuu kihifadhiwe kama historia anaomba makumbusho yenye urefu wa kilomita.

Swali hili si la zamani. Septemba 2025 TAZARA ilitia saini na kampuni ya Kichina ya CCECC mkataba wa dola bilioni 1.4, wa miaka 30, na ndani yake mna vichwa vipya 32. Kwa reli inayolenga shaba ya Zambia na Kongo, mzigo upo, na kwa hesabu ile ya siku 100 nauona ununuzi huo una mantiki, mradi njia ikarabatiwe kwanza. Nisichokiona kikijadiliwa ni vile vilivyopo. Ningeomba itolewe orodha, kila kichwa mstari wake: hali ya fremu, nguvu iliyopimwa, unene wa magurudumu, siku kilizofanya kazi mwaka uliopita, na kazi kitakayopewa vipya vikifika, iwe ya yadi, ya treni za matengenezo ya njia, au ya kuuzwa kwa jirani mwenye upana uleule. Wahandisi wa karakana za Dar es Salaam na Mpika wanaweza kuiandika bila mshauri wa kulipwa. Na mkataba useme waziwazi vipuri vitakavyong'olewa kwenye vichwa vya zamani ni vya nani: vya TAZARA, au vya mwekezaji kwa miaka yake yote 30.